Mfupa Kooni mwa Kofia

Kila asubuhi nyumbani kwetu kila mtu ana kazi yake. Mama huwasha jiko, bibi hufagia ua, na baba hufungua chumba cha mbele anakoshonea viatu. Mdogo wangu, tuliyembandika jina la Kasuku kwa sababu hakuna neno asilolirudia, hutafuta soksi zake kana kwamba zimetoroka. Kazi yangu mimi ilikuwa kumpa mbwa uji. Ijumaa hiyo nilimimina uji bakulini, nikapiga mluzi, ndipo nikakumbuka kuwa Kofia amekufa tangu Jumapili. Nililia palepale uani, na ukubwa wangu wote wa miaka kumi na miwili.

Tulimwita Kofia kwa sababu alikuwa mweupe mwili mzima ila utosini, ambako alikuwa na doa jeusi. Aliugua siku tatu tu. Mdomo wake ulibaki wazi, mate yakamchuruzika, na kila alipojaribu kunywa maji yalimrudi.

"Ana mfupa kooni," baba alisema.

"Tumwite bwana mifugo, baba watoto," mama alimwambia. "Isije ikawa kichaa cha mbwa."

"Kichaa gani tena? Mbwa si amechanjwa? Binti yako alimpeleka mwenyewe."

Baba alikunja mkono wa shati, akanishikisha taya za Kofia, akaingiza mkono kinywani na kupapasa hadi kooni. Hakupata mfupa. Aliutoa mkono ukiwa umelowa mate, na meno yalikuwa yamemkwaruza vidole viwili. Kwa fundi viatu mikwaruzo si habari. Alijifuta kwa kitambaa, akarudi kwenye kazi zake. Kesho yake Kofia alikufa, naye baba akamzika nyuma ya ua.

Basi Ijumaa hiyo bwana mifugo alikuja shuleni kwetu. Alisema mwezi uliopita mbwa mwenye kichaa alipita mtaani akiwauma mbwa wenzake.

"Msidhani mbwa mwenye kichaa lazima akimbie huku na huko akiuma watu," alisema. "Wengine hupooza taya. Mdomo unabaki wazi, mate yanatiririka, maji hayamezeki. Watu wakimwona hivyo husema, 'Maskini, amekwamwa na mfupa,' kisha wanatia mkono! Mate yakiingia kwenye mchubuko, ugonjwa umeshaingia."

Nilinyoosha mkono. "Mtu huyo anapona?"

"Akiwahi kupata chanjo kabla hajaanza kuumwa, anapona. Akishaanza kuumwa, hakuna daktari wa kumwokoa. Anaweza kukaa wiki, hata miezi, akijiona mzima kabisa. Ndiyo maana tulikuja kuwachanja mbwa wenu."

Siku ile ya chanjo, miezi miwili kabla, nilipewa kazi moja tu: kumfikisha Kofia uwanjani. Nilimfikisha. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na wenzangu walikuwa wakiruka kamba pembeni. Nilimfunga Kofia kwenye nguzo ya goli, nikajiambia nitaruka mara mbili tatu. Nilipogeuka, wachanjaji walikuwa wakifunga masanduku yao. Nilirudi nyumbani nikasema, bila kupepesa jicho, "Tayari, baba. Cheti watakileta baadaye." Baba akanisifu mbele ya mteja. Cheti kilisahauliwa, nami nikashukuru.

Nilitoka shule mbio. Baba alikuwa kibarazani akigonga kisigino cha kiatu, misumari midogo ikiwa katikati ya midomo yake.

"Vipi mwanangu, mbona umenyong'onyea hivyo?"

"Nimechoka tu, baba."

Niseme ukweli, niliogopa. Niliogopa baba atanichukia, na niliogopa watu watamwita Kofia wetu mbwa kichaa. Nikajidanganya kwamba huenda ulikuwa mfupa kweli. Lakini kila nyundo ilipogonga kisigino kile, iligonga na moyo wangu pia.

Saa kumi bibi alituita sote uani. Kasuku hakuwa akila vizuri tangu Jumapili, wala kurudia maneno ya mtu, na nyumba ilikuwa kimya mno. "Leo tutamkumbuka Kofia," bibi alisema. "Kila mtu aseme jambo moja, tucheke kidogo, kisha mtoto huyu ale. Hatuwezi kumzika mbwa tukamzika na mtoto juu yake."

"Mama, maneno gani hayo!" baba aliguna.

Bibi alianza mwenyewe. Alisimulia jinsi Kofia alivyomletea kitandani kiatu kimoja cha mteja, na mteja akaondoka na kandambili za bibi. Mama alikumbuka Kofia alivyokuwa akibweka bombani mtu akiruka foleni ya maji. Baba akasema, "Siku nilipojigonga kidole nikapiga ukelele, aliikamata ile nyundo akaenda kuificha. Niliitafuta siku mbili." Tulicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu, macho yakiwa kwenye vidole vya baba.

"Haya, Kasuku, zamu yako," bibi alimwambia.

Kasuku aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemuua."

"Ala! Umemuuaje?"

"Nilimpa mfupa wa kuku. Bibi alinikataza, mimi nikampa kwa kificho." Akaangua kilio. Baba alimvuta kifuani, akamshika kichwa kwa mkono uleule wenye magamba mawili ya vidonda. "Si kosa lako, mwanangu. Hukujua."

Hapo sikuweza tena kujikaza. Mtoto wa miaka sita alikuwa amebeba mzigo wangu, na baba hakujua kilichokuwa mwilini mwake.

"Si mfupa!" nilipaza sauti. "Kofia hakuchanjwa! Nilidanganya. Niliruka kamba hadi wachanjaji wakaondoka. Bwana mifugo amesema leo taya zikipooza vile ni kichaa, na baba ulitia mkono, na ukianza kuumwa hakuna dawa!"

Mama alijishika kichwa. "Uwiii, mume wangu!"

Baba alinitazama. "Rudia."

Nilirudia, neno kwa neno. Hakunipiga, hakufoka. Aliinuka tu, akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Kituo cha afya kinafungwa saa kumi na moja," bibi alisema. "Mnangoja nini? Kimbieni!"

Tulikimbia, baba na mimi, yeye akiwa bado amevaa aproni ya kazi. Tulipofika, mlinzi alikuwa ameshika komeo la lango. "Mbwa!" nilipiga kelele. "Mate ya mbwa yameingia kwenye kidonda!" Akatufungulia.

Muuguzi alikuwa mama mnene asiye na haraka ya kusema, ila mikono yake ilienda mbio. Aliutia mkono wa baba chini ya bomba, akausugua kwa sabuni robo saa nzima. Akaniuliza mimi nilimshika Kofia wapi, nikamwonyesha, akanisugua na mimi. Kisha tulichomwa sindano. Baba alichomwa na nyingine pembeni ya vidonda, na kwa mara ya kwanza nikamwona akifumba macho.

"Tumewahi?" nilimuuliza muuguzi.

"Nafikiri mmewahi. Mngengoja aanze kuumwa, nisingekuwa na la kufanya. Lakini mkikosa hata sindano moja kati ya zilizobaki, mtakuwa mnacheza na roho zenu."

Hatukukosa hata moja. Bwana mifugo alikuja kuwachanja mbwa wote wa majirani, na Kasuku alipoelewa kuwa hapakuwa na mfupa wowote uliokwama, alianza kula na kutuchosha tena kwa maneno yetu wenyewe. Lakini baba alizungumza nami mambo ya nyumbani tu. Niletee uzi, nipishe, kale chakula. Nilisubiri kukaripiwa hadi nikatamani nikaripiwe.

Siku ya sindano ya mwisho, muuguzi alimbandika baba plasta, akasema, "Sasa nendeni, muwe na amani." Nje ya kituo baba alisimama. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na mimi sikuwahi kuyaona.

"Nilikukasirikia sana," alisema. "Hata sasa bado kidogo. Lakini ulisema ukweli ukiwa unaogopa, na ndiyo maana nimesimama hapa."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza, mwanangu. Mimi si mjinga, najua kichaa cha mbwa. Nilitia mkono ule kwa sababu wewe ulisema amechanjwa. Sikuangalia cheti, nilikuamini wewe. Katika maisha yako watu watatia mikono yao mahali utakapowaambia pana usalama. Usiwaambie kama hujahakikisha."

Akanipa mkono uleule, nikaushika, tukarudi nyumbani.