Uzi Mwekundu Kwenye Flashi

“Wewe kaka! Wewe mwenye bango! Toka kwenye jua langu!”

Bustani nzima iligeuka. Jumapili hiyo, saa kumi na moja jioni, watu walikuwa wamefurika: mipira, vigari vya watoto, wachumba wanaonuniana kwenye mabenchi. Katikati ya vurugu zote hizo dada mpiga picha alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, jinzi ina madoa ya kijani magotini, fulana nyeusi tii. Nyeusi kwa sababu ana masharti yake: nguo ya rangi kali inatupa rangi usoni mwa mtoto. Dakika ishirini alikuwa anambembeleza mtoto wa miaka miwili atazame lenzi. Mtoto ndiyo kwanza anatabasamu, jua limemkaa nyweleni vizuri, halafu linapita jitu refu na roli la bango begani, kivuli kama mlango.

“Jua lako?” Yule kaka akasimama palepale. Shati la buluu, mikono imekunjwa, kucha zina wino. “Una hati yake?”

“Nina wateja! Sogea!”

Mtoto akaangua kilio. Baba mtu akaanza kutazama saa. Dada wa watu akasikia damu inampanda kichwani. Ndipo yule kaka akashusha roli lake, akaweka mdomo kwenye tundu la upande mmoja, upande wa pili akamwelekezea mtoto, akaita kwa sauti nzito: “Haloo? Nani analia huko?”

Mtoto akanyamaza ghafla kama redio iliyozimwa. Halafu akacheka mpaka fizi zote zikaonekana. Klik, klik, klik.

Ikawa picha bora ya mwezi mzima, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

“Usidhani nitakushukuru.”

“Sijadhani, Mama Jua. Nipe namba tu, siku nyingine nikipiga uniambie jua lako linaanzia wapi.”

Alimpa. Kwa hasira, lakini alimpa.

Miezi minane baadaye yule kaka, fundi mabango mwenye duka lake, alikuwa hapitishi saa bila kupiga.

“Mama Jua, umekula?”

“Nimekula vumbi. Watoto watatu, wote wamegoma.”

“Njoo dukani basi unipige mimi. Mimi sigomi.”

“Fundi, kata simu, mwanga unaondoka.”

“Kata wewe.”

“Kata wewe kwanza, mpuuzi wangu.”

Walipendana hivyo, kwa kutukanana. Ila kwenye kazi yake dada huyu hakuwa na utani hata chembe. Alikuwa na flashi mbili nyeusi za kuhifadhia picha, zinazofanana. Moja ya picha za nje, zile ambazo wazazi wameruhusu zionyeshwe. Nyingine ya picha za ndani, sura za watoto ambazo wazazi wamesema zisitoke kabisa. Ile ya nje aliifunga uzi mwekundu wa sufu.

“Hakikisha unaniuliza kabla ya kuchapa,” alimwambia fundi siku walipokubaliana amtengenezee bango kubwa la kutangaza kazi yake.

“Ndiyo nakuuliza. Nichape ipi?”

“Iliyo na uzi, chagua picha yoyote iliyomo, tundika popote. Isiyo na uzi hata wewe huioni.”

Jumapili jioni akampa flashi yenye uzi mwekundu, fundi akachapa usiku uleule. Jumatatu, saa mbili asubuhi, simu ikaita.

“Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia nini!”

Alikuwa muuguzi, mama wa binti mmoja wa miaka minne, mwenye gauni la manjano na pengo mbele. Alipokuja kupigwa picha alimshika dada mkono kabisa: sura ya mwanangu isitoke. Baba yake anatutafuta. Tumeshahama mara mbili, sina nguvu ya kuhama mara ya tatu.

“Mwanangu yuko barabarani!” muuguzi alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. “Urefu wa mtu mzima! Nakwenda zamu namkuta anawachekea madereva!”

Dada hakuvaa hata viatu vya maana. Alikimbia na ndala mpaka dukani. Kweli, bango lile linang'aa juu ya mlango, gauni la manjano, pengo, nyasi, jua. Picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Akapanda kwenye kiti cha wateja, akalishika pembe, akalivuta mpaka likapasuka kraaa!

“Mama Jua! Unafanya nini?”

“Usiniite hivyo! Mwizi wa sura za watoto wewe!”

Duka lilikuwa limejaa. Mzee mmoja aliyekuja kuchapa kalenda alibaki mdomo wazi.

“Mwizi?” Fundi alitua mkasi polepole. “Mimi?”

“Nilikwambia ya ndani huioni! Ukapekua begi langu! Ulitaka sifa, si ndiyo? Kuna mtoto anaweza kuchukuliwa kwa ajili ya sifa zako!”

“Nisikilize. Flashi uliyonipa ilikuwa na...”

“Sisikilizi! Namba yangu ifute!”

Akakitupa kipande cha bango sakafuni, akaondoka ndala mkononi. Fundi alipiga mara kumi na moja. Alipotuma na picha, dada hakuifungua, akamfungia kabisa kwenye simu.

Hasira ile ilimfaa kazini kwa siku tatu. Alipiga picha kama anayepiga ngumi. Alhamisi, bustanini, akampata mteja wa mwaka mmoja na nusu, amenuna, mashavu kama maandazi. Dada akaingiza mkono begini kutafuta uzi mwekundu. Huo ndio ulikuwa ujanja wake siku mambo yakigoma: anaufungua kutoka kwenye flashi, anaufunga kwenye jani, analiburuta nyasini kama mjusi, na hakuna mtoto aliyezaliwa asiyecheka.

Uzi hakuuona; ulikuwa umekwenda na flashi kwa fundi. Mkono ukaganda mlemle begini.

Jumamosi iliyopita. Mapacha waliogoma kucheka. Aliufungua uzi, mjusi akakimbia, mapacha wakagaragara kwa kicheko. Kisha mwanga ukawa unaondoka, mama yao anaharakisha, flashi zote mbili zimelala kiganjani, akaufunga uzi harakaharaka kwenye... kwenye ipi?

Alikimbia nyumbani. Akachomeka kwenye kompyuta ile flashi isiyo na uzi. Picha za nje. Zote. Za ruhusa, salama salimini, kama zinamcheka.

“Pumbavu,” alisema. Hakuwa anamwambia fundi.

Alikwenda kwa muuguzi kwanza, maana huko ndiko kulikouma zaidi. Muuguzi alifungua mlango nusu, bado na sare ya kazi.

“Kosa ni langu, dada yangu. Nilifunga alama kwenye flashi isiyo yake. Nilimpa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.”

“Mwanangu yuko kwa dada yangu siku ya nne leo. Haendi shule. Kila nikisikia hatua kwenye ngazi nakimbilia komeo. Unalijua hilo?”

“Nalijua sasa.”

“Baba yake hajatokea. Shukuru Mungu. Sijakusamehe, lakini afadhali umekuja na miguu yako.” Akataka kufunga mlango, akasita. “Mbona mwenzako alisema ni kosa lake?”

“Nani?”

“Yule mrefu. Jumatatu ileile nilipiga namba ya pale dukani nikafoka, jioni akaja, ameleta bango limekatwa vipandevipande kwenye mfuko ili nihesabu mwenyewe kama limekamilika. Akasema wewe huhusiki, yeye ndiye aliyekosea kuchagua. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua. Akapokea.”

Dada alishuka ngazi hazioni. Ee, alikasirika upya! Nani alimtuma abebe? Nani alimwambia awe mwema hivyo wakati yeye amemwita mwizi?

Dukani alikuta foleni, na yule mzee wa kalenda yupo, amekuja kuchukua kazi yake. Fundi hakuinua macho.

“Nimekuja kusema samahani,” alisema dada, sauti ndogo kama ya mgonjwa.

“Sijasikia.”

“Samahani.”

“Uliponiita mwizi walikusikia mpaka ng'ambo ya barabara.” Sasa aliinua macho, yana moto. “Samahani ndiyo unaninong'oneza? Iseme kwa sauti ileile, mbele ya watu walewale. Mzee huyu hapa, shahidi.”

“Mimi nimefuata kalenda tu,” mzee alisema, lakini akavuta kiti akakaa.

Dada akajaza kifua. “NIMEKOSEA MIMI! Nilifungua uzi nikamchekeshea mtoto, nikaurudisha kwenye flashi isiyo yake! Yeye aliniuliza, na alichapa nilichompa! Huyu si mwizi! Na amekwenda kubeba kosa langu kwa watu, bila kuniambia, na hilo nalo limeniudhi!”

“Ningekuambiaje? Umenifungia simu! Nilikutumia picha ya flashi, ina uzi wake! Siku nne nazungumza na ukuta!”

“Ulimdanganya muuguzi kwa nini?”

“Kwa sababu bango nitachapa jingine!” Fundi alipiga meza. “Akina mama wanakukabidhi watoto wao kwa jina lako. Hilo likiharibika nitakuchapia wapi?”

Fundi alitoa flashi mfukoni, akaufungua uzi, akamrudishia flashi.

“Hii kaifiche. Sasa lete mkono.”

“Wa nini?”

“Mkono, Mama Jua, mwanga unaondoka.”

Alimpa wa kushoto. Vidole vya wino vikauzungusha uzi mwekundu kwenye kidole cha pete, mara ya kwanza, mara ya pili.

“Binti, mjibu,” mzee alisema, “mwenzenu nina haraka.”

“Ndiyo! Nimekubali! Lakini bado nimekasirika!”

“Hata mimi.” Fundi alikaza fundo mpaka kidole kikauma. “Kasirika tu. Ila huu usije ukaufungua kumchekesha mtu.”