Kishikio cha Hewa Moto

Msinicheke. Mwanamke ninayewasimulia ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na mkono wa mumewe nimeushika mwenyewe.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Saa nne asubuhi, joto la kutoa jasho, mawingu yametanda baada ya mvua. Rubani, ndivyo tunavyomwita jirani huyo mtaani, alikuwa anapeleka mifuko ya barua kwa ndege ndogo ya injini moja. Mumewe, Fundi, ndiye aliyeitunza. Akamfungia mlango huku akimtania, "Usiirushe kama unavyopika, utaiunguza." Wakacheka.

"Kishikio umekijaribu?" Rubani akauliza.

"Nimekivuta mwenyewe. Nenda zako, mke wangu."

Ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, huwa kuna baridi kali hata kama nje watu wanajipepea. Unyevu ukiganda humo, injini hukosa pumzi. Dawa yake ni kishikio kidogo: ukikivuta, waya unafungua kilango, hewa moto inaingia, barafu inayeyuka. Kila rubani hutakiwa kukijaribu kabla ya kuruka. Lakini kurudia kazi ya mumeo mbele ya wapakiaji mizigo? Aliona ni kumvunjia heshima. Mdogo wake, aliyekuwa rubani pia, naye hakuwahi kurudia kazi ya shemeji yake.

Mdogo wake! Ilikuwa imetimia miaka miwili tangu injini ya ndege nyingine imzimikie na kumwangusha kwenye shamba la mahindi. Fundi ndiye aliyefika wa kwanza. Wakaguzi walikuta kishikio kiko ndani, wakaandika kwamba kijana alisahau kukivuta. Barafu ilishayeyuka, nani angeiuliza? Mama yao akawa anakwenda sokoni kichwa chini, kwa sababu watu walisema mwanawe amejiua kwa uzembe. Na Fundi, aliyelia msibani kuliko ndugu wa damu, alikuwa akisema, "Kijana alikuwa mzuri, ila msahaulifu." Rubani aliimeza ile kauli miaka miwili.

Dakika ya ishirini angani, mshale wa mizunguko ya injini ukaanza kushuka. Polepole. Rubani akavuta kishikio. Kikaja chepesi. Chepesi mno.

Injini ikatetemeka. Hapo wengi huogopa wakakirudisha, kumbe ni maji ya barafu yanapita. Yeye akasubiri. Akahesabu hadi thelathini. Mshale ukazidi kushuka, na chini kulikuwa na msitu mtupu.

Ndipo kiti cha pembeni kikalia, kama kinavyolia mtu akikikalia. Hakugeuka. Hakuthubutu. Baridi ikaushika mkono wake, vidole juu ya vidole, vimelowa.

"Dada."

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimwita kwa sauti ile.

"Nilivuta, dada," ikanong'ona. "Nilivuta. Hakikuja kitu."

Machozi yakamtoka.

"Muulize shemeji nani alikirudisha ndani."

Baridi ikamwachia. Kitu kikagonga mbele, ndani ya injini. Mara moja. Injini ikasita, ikakohoa, kisha ikanguruma. Akageuza ndege akarudi alikotoka.

Fundi alimpokea uwanjani, uso umempauka. "Vipi, mbona mapema?"

"Fungua kifuniko cha injini."

"Kuna nini tena?"

"Fungua!"

Waya wa kishikio ulikuwa umekatika. Ncha ilining'inia tu, haikushika kitu. Lakini kilango kilikuwa wazi kabisa, na juu ya bati lake, ambalo lingepaswa kumchoma mtu, palikuwa na barafu nyeupe. Barafu yenye umbo la kiganja.

Fundi alinyoosha mkono haraka ili akifunge kile kilango, kama mtu aliyekwisha kuficha jambo hivyo. Kiganja chake kikanata. Akapiga yowe.

"Ndivyo ulivyofanya kule shambani?" mkewe akamnong'oneza.

"Waya mpya ulikuwa haujafika," Fundi akasema huku akivuta mkono. "Nikasaini kwamba ni mzima, nikasema nitabadilisha kesho. Nilipofika shambani nikakuta kishikio kimevutwa. Nikakirudisha; waya wakadhani umekatwa na ajali. Ningekukosa, mke wangu!"

"Na leo?"

Akainamisha kichwa. "Leo pia nilisema kesho."

"Ulimfuta mama yangu machozi," Rubani akasema. "Kwa mkono huo huo. Na mimi nikalala ubavuni mwako. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli."

Jioni ile Fundi aliandika yote mbele ya wakaguzi, kiganja kimekandamiza karatasi. Nilimwona akitoka ofisini kwao, nikampa mkono kumpa pole kabla sijajua kisa. Ulikuwa baridi, unadondoka maji.

Siku hizi mama yao anakwenda sokoni kichwa juu, nakala ya maandishi yale ndani ya mkoba, na anayetaka kusoma anapewa. Rubani hujaribu kishikio mwenyewe, mara mbili, nani apende nani achukie.

Karatasi yenyewe iko kwenye droo ya wakaguzi. Umepita mwaka. Wameianika juani, wameipasha juu ya taa, wamebadilisha bahasha mara nne sasa. Pale kiganja kilipolala, haijakauka.