Dirisha Lisilopata Jua

Maiti ilikuwa imekaa kitini mbele ya dirisha kubwa, imesukwa nywele kama mtu anayekwenda harusini. Masanduku mawili yalisimama mlangoni. Jumatano hiyo hiyo Mama Agathe alikuwa apande ndege arudi kwao Lubumbashi, baada ya kuzeekea Durban.

Aliyemkuta ni Niyonkuru, mtunza bustani, alipokuja kubeba masanduku.

"Nilimsalimu, hakuitika," alimwambia Inspekta Inès Kalonda. "Nikamsalimu tena. Ndipo nikajua."

Hapakuwa na mlango uliovunjwa wala jeraha. Juu ya meza palikuwa na vikombe viwili vya chai, na kimoja kilikuwa na unga mweupe chini. Inès alikitia kwenye mfuko wa vielelezo kipelekwe maabara.

"Amekufa saa ngapi?" alimwuliza daktari wa polisi.

"Siwezi kuapa. Ukumbi huu una baridi ya jokofu, na baridi huharibu hesabu zetu. Labda jana jioni, labda leo asubuhi." Akainamia kichwa cha marehemu. "Lakini tazama. Upande wa kulia ngozi imevimba kwa kuvutwa na msuko. Wa kushoto, hata kidogo."

Jumba lenyewe lilikuwa kichekesho cha huzuni. Babu wa mumewe Agathe, tajiri wa miwa, alitaka makao kama ya mabwana wa vijiji vya Uingereza, akayanakili jiwe kwa jiwe juu ya kilima, mtaa wa Cato Manor ukiwa chini yake. Yalikuwapo mabomba marefu ya moshi, boriti za mwaloni, na paa la mteremko mkali wa kumwaga theluji ambayo Durban haiijui. Dirisha la ukumbi, la vioo vidogo vidogo, lilipanda hadi darini. Mume alikufa, watoto hawakupatikana, na nyumba yote ile ikabaki ya mwanamke mmoja.

"Nani alikunywa chai naye?" Inès aliuliza.

"Jumanne jioni ni siku ya Cathy," alisema Niyonkuru. "Anamsukaga hapa ukumbini. Hakuna mgeni mwingine."

Cathy alikuwa na saluni ndogo Warwick Junction. Mikono yake haikuacha kichwa cha mteja Inès alipomhoji.

"Jana jioni ulikuwa kwa Mama Agathe?"

"Ndiyo, madame. Nilimsuka, nikamuacha muzima."

"Una hakika?"

"Leo asubuhi, mbele ya kuja kazi, nilipita kumwambia bye-bye. Nilimuona toka kwa geti. Iko pale kwa dirisha kubwa, anaota jua. Akanipungia mukono."

"Kisha?"

"Kisha nikachukua taxi. Tangu hapo niko hapa, uliza watu wote."

Watu wote walikubali. Kama Agathe alikuwa hai asubuhi ile, Cathy hakuwa na kosa.

Alhamisi Inès alirudi jumbani peke yake, akakaa kwenye kiti kile kile. Nje ilikuwa asubuhi angavu ya mwezi wa saba, anga halina wingu. Ndani aliona pumzi yake mwenyewe. Alingoja asubuhi nzima, koti limefungwa hadi shingoni, na jua halikuja. Alijisikia mpweke kiasi cha kutaka kumpigia mtu simu, akakosa wa kumpigia.

Ukutani ilitundikwa picha ya nyumba ya asili, kule Uingereza, dirisha lake linang'aa. Inès aliitazama sana, kisha akatoka nje na kuangalia juu. Huko kwao Waingereza jua hupitia kusini, nao hufungua madirisha makubwa kusini. Hapa hupitia kaskazini. Tajiri alileta mchoro, asiugeuze. Jua lote la Agathe lilikuwa jikoni, upande wa pili.

Maabara ilithibitisha kwamba unga ule ni dawa ya usingizi. Cathy akaitwa kituoni.

"Umewahi kuingia ule ukumbi mchana?"

"Hapana. Mimi ni wa jioni tu, nikifunga saluni."

"Dirisha lile halipati jua, Cathy. Majira yote haya ya baridi halijapata hata siku moja."

Cathy aliivuta mikono yake kutoka mezani, akaificha mapajani.

"Na ngozi ya maiti haivimbi: nusu ya kichwa ulisuka mtu akiwa amekwisha kufa."

Machozi yalianza kabla ya maneno. "Sikutaka afe. Nilitaka ndege imuache. Nilimwekea dawa zake mwenyewe kwa chai, alale, achelewe. Labda moyo wake ulikuwa mugonjwa, sikujua. Niko namusuka, kichwa kikalala kwa mikono yangu."

"Kwa nini umzuie?"

"Miaka yote Durban niko na wateja, sina mutu. Yeye tu ndiye alikuwa ananiita mwanangu. Angeenda, nani angeniita?"

Inès aliiweka kalamu chini. "Na kwa nini ulimaliza kumsuka?"

"Aliniomba nimupendezeshe, ndugu zake wamuone. Kichwa cha mutu hakiachwagi nusu, madame." Akajifuta uso. "Sasa watamuzika wapi?"

"Kwao. Ndugu zake wamelipia ndege."

Cathy alitazama vidole vyake.

"Basi atafika amesukwa," alisema.