Gauni Jekundu Lililokatwa Vipande

Siku hiyo nyumbani Koboko walikuwepo wanne: Hajara; binti yake wa miezi mitano, Shakirah, aliyembeba mgongoni; mama mkwe wake Hajara, Kulusum, aliyeitwa Haboba, yaani bibi; na Driwaru, jirani aliyekuja kuazima sindano.

Mbeleko nyekundu aliyombebea mtoto ilinuka udi. Hajara alikuwa ameifua mara tatu, na wiki nzima hapakufukizwa udi nyumbani.

"Mbona unanusa nguo kama polisi?" Driwaru alimtania.

Hajara alicheka, akashika fundo kifuani amshushe mtoto anyonye. Fundo likakaza. Alipolivuta tena likabana zaidi, na mgongoni Shakirah akakohoa.

"Driwaru, leta kisu! Hii fundo iko nakaza."

Kisu kiliteleza juu ya kitambaa, hakikukata hata uzi. Haboba akasogea, akagusa kitambaa, akaurudisha mkono upesi.

"Binti yangu, hii nguo ulitoa wapi?"

"Gauni la marehemu dada yako, Mama. Uliniambia nigawe nguo zake. Hili lilichanika, nikaona aibu kumpa mtu matambara. Nikakata mbeleko, pazia la mlango na foronya."

"Lilikuwa la jini wake," Haboba alinong'ona. "Halikatwi. Ndugu analirithi zima. Kosa ni langu, sikukuambia."

Driwaru alikimbilia mlangoni aite watu, lakini pazia lilikuwa limejibandika kwenye fremu, gumu kama bati, na kutoka ndani yake, na ndani ya foronya, na mgongoni kwa Hajara, ikasikika sauti moja ya nguo inayochanwa polepole bila kukoma, huku kilio cha Shakirah kikififia, kikawa mkoromo, kikawa pumzi nyembamba tu iliyogusa shingo ya mama yake.

"Shona," Haboba alimwambia Driwaru. "Vipande vyote. Na hicho cha mgongoni, hapo hapo."

Sindano ilipoinuliwa, pazia likaanguka lenyewe. Driwaru alishona kipande kwa kipande. Hajara alihesabu pumzi za mwanawe.

Uzi ulipokwisha, Haboba akaingiza kichwa na mikono katika lile gauni la viraka, likiwa bado limeshikamana na mgongo wa Hajara.

"Ndugu yake ni mimi," alimwambia jini. "Kaa kwangu. Mwache mtoto."

Fundo likafunguka. Hajara akamdaka Shakirah, naye akavuta pumzi, akalia kwa nguvu.

"Mnyonyeshe, binti yangu," alisema Haboba.

Haboba alifariki mwaka uliofuata. Wanawake waliomwosha walimwosha akiwa amelivaa lile gauni, maana halikuvulika.