Sifuri ya Uongo

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo na kupiga deki, Kijiti alikwenda kwenye kituo cha redio alikofanya kazi shangazi yake. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, wala halikumkera. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba vitatu tu juu ya duka la fundi cherehani. Ukisikia taarifa ya habari ikisindikizwa na mlio wa cherehani, ujue fundi amepata kazi ya haraka.

Shangazi alikuwa fundi mitambo, na ndiye aliyemfundisha Kijiti kuandika programu. Hazikuwa programu za michezo na picha, bali zile za kioo cheusi, ambazo unaandika amri kwa maneno na kompyuta inatii. Kijiti alikuwa ameandika moja ya kwake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchukua sauti zilizomo kwenye kadi ya kinasa sauti na kuzinakili kwenye kompyuta kubwa. Ikimaliza, programu ya shangazi ilipokea zamu na kuifuta kadi, ili mwandishi wa habari aikute tupu.

"Sasa programu yangu itajuaje kwamba yako imemaliza salama?" shangazi alikuwa amemuuliza siku ya kwanza.

"Itaiuliza?"

"Ndiyo hivyo. Kila programu ikitoka huacha namba. Sifuri maana yake kazi imekamilika. Namba nyingine yoyote ni kosa, na baadhi ya namba hizo watu wa kompyuta walishakubaliana maana zake. Sabini na nne, kwa mfano, ni kushindwa kusoma au kuandika. Nikiiona hiyo, naenda moja kwa moja kukagua kadi au diski. Sipotezi muda."

Kijiti aliyashika vizuri maneno hayo. Tatizo ni kwamba wiki chache zilizopita programu yake iligoma mbele za watu, ikaacha sabini na nne kwa maandishi mekundu, kisa faili moja bovu. Mwandishi wa habari, mtu asiyeishiwa mzaha, akasema, "Naona programu imechoka, ipewe likizo." Wote wakacheka. Kijiti naye alicheka, lakini moyoni ilimuuma sana. Walipotawanyika, akaongeza mstari mmoja mwishoni mwa programu: litokee litakalotokea, toka na sifuri. Tangu hapo programu haikugoma tena, na sifa akapewa, akazipokea.

Jumamosi hii ilikuwa ya aina yake. Jana yake kaka wa Kijiti alikuwa ametangaza mpira kwa mara ya kwanza maishani, tena fainali ya wasichana iliyoamuliwa kwa bao la dakika ya mwisho. Meneja wa kituo alisema mchezo ungerushwa saa kumi alasiri, na kama utangazaji ungemridhisha, kaka angeajiriwa. Asubuhi ile nyumbani hapakukalika. Mama alipomimina chai, kaka alitangaza safari ya birika kutoka jikoni hadi mezani.

Kijiti aliingiza kadi ya kinasa sauti alichorekodia kaka, akaendesha programu. Ikatoka sifuri. Programu ya shangazi ikapokea zamu, ikaifuta kadi. Mwandishi akairudisha kadi kwenye kinasa sauti na kuondoka nacho kwenda kwenye ufunguzi wa maktaba mpya.

Punde si punde kaka aliingia, shati limenyooshwa kama vile redioni watu huonekana. "Mdogo wangu, hebu niwekee lile bao," alisema.

Kijiti akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Faili lilikuwapo kwa jina tu, ndani hamkuwa na kitu.

Shangazi alikuja, akainama kwenye kioo. "Programu imetoa sifuri, kwa hiyo ilinakili kila kilichokuwamo. Basi kadi ilitoka uwanjani ikiwa tupu." Akamgeukia kaka. "Mwanangu, una hakika ulibonyeza kitufe cha kurekodi?"

"Nilibonyeza, shangazi."

"Taa nyekundu uliiona ikiwaka?"

Kaka alisita. "Nadhani niliiona," alisema kwa sauti ndogo. Akaketi, akawa anakitazama kidole gumba chake kana kwamba ndicho kilichomsaliti. Shangazi alishusha pumzi, akachukua simu ili amwambie meneja atafute kipindi kingine.

Kijiti angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lawama ingebaki kwa kaka, na kazi ingeota mbawa.

"Shangazi, usipige kwanza," alisema. "Ile sifuri ni ya uongo. Niliilazimisha mimi. Kaka hana kosa."

Shangazi aliifungua programu, akausoma ule mstari wa mwisho, kisha akakagua diski. Ilikuwa imejaa pomoni. Hapo macho yakamng'aa ghafla.

"Kumbe sauti ilikuwamo! Na kama ilikuwamo, bado imo. Kufuta kadi huondoa majina tu. Sauti yenyewe hukaa palepale mpaka kitu kingine kirekodiwe juu yake. Mpigieni mwandishi asirekodi chochote."

Kaka akapiga. Simu ya mwandishi ikaita juu ya meza ya mwandishi mwenyewe, palepale walipokuwa.

Kijiti na kaka hawakungoja kuambiwa. Walishuka ngazi mbilimbili, wakavuka barabara, wakakata kona ya duka la viatu, kaka mbele, shati likitoka ndani ya suruali. Nje ya maktaba watu walikuwa wamesongamana. Kaka alikwama nyuma yao, lakini Kijiti alipenya katikati ya viwiko na mikoba mpaka mbele. Mgeni rasmi alikuwa anakohoa kusafisha koo, na mwandishi alikuwa ameshainua kinasa sauti.

"Mjomba, usirekodi," Kijiti alihema. "Fainali imo humo."

Mwandishi alishtuka. "Nimejaribu sauti kidogo tu. Moja, mbili, tatu."

Kaka akafika, akampa simu yake arekodie hotuba, wakarudi na kadi mbio zilezile.

Shangazi alikuwa ameshapata nafasi kwenye diski na kuiandaa programu ya kurejesha mafaili. Walisimama nyuma yake bila kukaa, wakitazama faili moja baada ya jingine likiibuka. Hatimaye akabonyeza moja, na sauti ya kaka ikajaa chumbani, ikipasuka kwa furaha ya bao. Kijiti alimrukia kaka yake shingoni. Kipande kifupi tu, pale timu zilipokuwa zikipasha misuli, kilikuwa kimepotea.

Saa kumi mchezo ulirushwa. Bao lilipofungwa, shangwe zilisikika hata barabarani, na kabla kipindi hakijaisha meneja alikuwa mlangoni, akimwita kaka ofisini kwake wazungumzie ajira.

Shangazi alivuta kiti karibu na Kijiti.

"Programu yako ilishindwa kwa sababu diski ilijaa. Hilo si aibu, hata zangu hushindwa. Lakini uliponiambia mambo ni shwari, programu yangu ilifuta kadi, kisha nikamshuku kijana wa watu. Anayesema ukweli kuhusu kosa lake ananionyesha pa kuanzia kulirekebisha. Leo umesema ukweli, na ndiyo maana tumewahi."

Kijiti aliufuta ule mstari. Akajipangusa macho. "Na ikigoma tena mbele za watu, shangazi?"

"Igome," shangazi alisema, akimsogezea kibodi. "Mimi nitasoma namba, wewe utarekebisha kosa."