Barua Kwenye Skrini Iliyozima

Adhuhuri ile jengo la mafundi wa simu na kompyuta lilivuma kama mzinga wa nyuki. Redio zilijaribiwa tatu kwa mpigo, harufu ya bati lililoyeyuka ilining'inia hewani, na wateja walipigana vikumbo kwenye ujia mwembamba. Katikati ya vurumai hiyo alisimama msichana mwenye gauni la kijani kibichi, amekumbatia kompyuta mpakato ndani ya foronya kana kwamba amebeba mtoto aliyelala. Kazi yake ilikuwa kunukuu: watafiti wa chuo kikuu walimletea mahojiano yaliyorekodiwa, naye akayageuza maandishi kwa kasi iliyowafanya wenzake wamwite Vidole.

"Imekufa," alimwambia fundi wa meza ya mwisho.

Fundi, kijana mrefu mwenye shati la buluu lililopigwa pasi, hakubishana naye. Aliiwasha mashine, akaitegea sikio, kisha akawasha tochi na kuimulika skrini kwa ubavu.

"Njoo utazame huku. Sogea, siumi."

Vidole aliinama. Ndani ya weusi ule maneno yake mwenyewe yalionekana kwa mbali, kama mawe yaliyotulia chini ya maji.

"Haijafa, dada. Inafanya kazi vizuri tu. Imefumba macho."

"Na huwa zinafumbua?"

"Zikibembelezwa."

Fundi alimweleza kwamba huenda ni utepe mwembamba unaopita kwenye bawaba kupeleka picha kwenye skrini, au huenda ni skrini yenyewe. Alimwandikia namba yake ya simu, akamwambia aende akaipime nyumbani kwa utulivu, maana pale hata mtu mzima angechanganyikiwa.

Alasiri hiyohiyo Vidole aliketi kwenye meza ya kulia chakula, simu begani.

"Umechomoa chaja?"

"Nimechomoa."

"Bonyeza kitufe cha kuwashia, usikiachie. Hesabu mpaka thelathini."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Nisikie kama unaruka namba."

Alihesabu. Alipofika ishirini alipunguza mwendo bila kujua, kwa sababu upande wa pili mtu alikuwa akipumua taratibu, akisikiliza, na nuru ya alasiri ilikuwa imemwagika juu ya kibodi kama asali.

"Sasa funua kifuniko polepole. Kuna mahali inawaka?"

"Kikiwa nusu! Imewaka! Ah, imezima."

"Basi ni utepe. Nitauagiza. Utachukua wiki nzima."

Tatizo lilikuwa limejulikana, na watu wenye akili timamu wangekata simu hapo. Wao waliongea saa nzima, na kesho yake tena.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Mgonjwa yupi, mimi au mashine?"

"Wewe kwanza, mpenzi. Mashine ina subira."

Neno lile lilikaa kati yao. Hakuna aliyelirudisha.

Wiki ile Vidole hakuacha kazi. Vidole vyake havikuhitaji macho. Alisikiliza sauti za wageni masikioni na kuandika ndani ya giza, maneno yakizama yasionekane. Siku ya nne mama yake alivuta kiti, akaketi karibu naye. Alikuwa mshonaji, mjane kwa miaka tisa sasa, na hakuwa na desturi ya kuketi mchana.

"Kwa hiyo unaandika na huoni?"

"Sioni hata herufi, mama."

"Hata mimi nikichungulia?"

"Hata wewe."

Mama alikunja na kukunjua kitambaa mapajani. "Basi niandikie kitu. Nikiyaona maneno yenyewe nitaona haya."

Ndivyo Vidole alivyojua habari za mwalimu mstaafu wa hesabu, mgane mwenye miwani mizito, aliyekuwa akileta suruali zisizohitaji kupunguzwa ili zipunguzwe. Mama alitamka, binti akaandika: *Kipenzi changu, nimewaza sana na nimekubali. Usiniulize tena kama nina hakika.* Machozi yalimlenga Vidole, lakini vidole havikukosea.

"Asijue mtu," mama alisema. "Mpaka nimwambie kaka yako kwa mdomo wangu. Akisikia pembeni atadhani nimemsahau baba yenu. Niahidi."

"Nimeahidi."

Jumamosi fundi alikuja na utepe, amevaa shati jeupe na kunyoa hadi ngozi inang'aa. Mama alikuwa kwa wateja wake. Kabla ya kufungua skrubu hata moja, fundi alichukua waya na kuiunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni.

"Picha ikitoka huku, basi kosa ni la skrini na utepe wake tu. Ndani ni salama."

Vidole alikuwa jikoni akimimina chai, akitabasamu peke yake. Aliporudi, kioo chote cha televisheni kilikuwa kimejaa herufi kubwa kama mlango: *Kipenzi changu, nimewaza sana na nimekubali.*

Fundi alisoma mara moja, akageuza uso. "Ndani ni salama," alisema.

"Hiyo barua..." Vidole alianza. Akaikumbuka ahadi. "Si unavyodhani."

"Ya nani?"

Vidole aliweka chai mezani. Alimwona fundi akisubiri, kisha akiacha kusubiri. Fundi alifungua bawaba, akapachika utepe mpya kwa mikono iliyotulia mno, akaifuta skrini vumbi. Ilipowaka ilikuwa angavu hata ikaumiza macho. Chai hakuigusa.

Simu za Vidole hazikupokelewa tena. Siku ya tatu ulikuja ujumbe mmoja: *Hongera. Utepe una dhamana ya miezi mitatu.*

Vidole aliusoma, akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio. Sentensi moja tu ingetosha, *ni ya mama*, na sentensi hiyo haikuwa yake kuitoa. Usiku alilala na mashaka. Mchana alinukuu mahojiano yale yale mara mbili.

"Vidole vimekupotea," mama alisema, akisimama nyuma yake. "Na yule fundi wa saa nzima kwenye simu yuko wapi?"

"Ana kazi nyingi."

"Mimi nimekuzaa, usinishonee koti lisilonienea. Sema."

Alisema. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akavua pete ya kushonea, akachukua simu na kumpigia mwanawe wa kwanza hapohapo. Alimweleza habari za mwalimu, kisha akasikiliza.

"Kaka anasemaje?" Vidole alinong'ona.

"Anauliza kama mwalimu anajua kwamba nakoroma." Mama alipangusa macho kwa kiganja. "Vaa viatu."

Jengo la mafundi lilikuwa limejaa kuliko siku zote. Mama alipenya umati kwa gauni lake la zambarau la sherehe, mkoba kwapani, akasimama mbele ya meza ya mwisho.

"Wewe ndiye uliyesoma barua yangu?"

Fundi aliinuka hata kiti kikaanguka. "Barua yako, mama?"

"Yangu. Nimekubali kuolewa, na sasa jengo zima limejua." Kweli, redio moja ilikuwa imezimwa, na wateja wawili walikuwa wamesogea. "Huyu aliniahidi kunyamaza, akanyamaza mpaka akakupoteza. Haya, tazamaneni."

Fundi alimtazama Vidole. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Ungeniambia."

"Nisingeweza. Wewe ungenisubiri."

"Nilidhani ukinijibu nitaumia zaidi."

"Kwa hiyo ukanitumia dhamana ya miezi mitatu?"

Mteja mmoja alificha kicheko kwa kujikohoza. Fundi alishika ukingo wa meza, na kwa muda kelele zote za jengo zilionekana kusogea mbali, kama sauti za watu wanaoongea ng'ambo ya mto.

"Nisamehe," alisema. "Safari hii nauliza, na nitasubiri jibu hata likichukua mwaka. Utakubali nikuoe?"

Vidole alifungua mdomo. Mtu aliwasha redio, na jibu lake likamezwa na tarumbeta.

"Sijasikia!" fundi alipiga kelele.

"Amesema ndiyo, mwanangu," mama alimjibu, akiweka mkoba wake mezani na kuokota kiti kilichoanguka ili aketi. "Sisi wengine wote tumesikia."