Pini Iliyopinda

Neville Tregenza alikuwa amelala chali chini ya kreni, injini ya lori imemkandamiza kifua. Mafundi wenzake walikuwa wamevua kofia na kusimama mbali, kama watu waliokatazwa kusogea.

Inspekta Doreen Pascoe wa polisi ya Kalgoorlie, mji wa dhahabu wa Australia, alichuchumaa. Karibu na mkono wa marehemu ilikuwapo pini inayoshikilia kulabu ya kreni, nene kama kifundo cha mkono. Ilikuwa imepinda kwanza, ndipo ikakatika.

"Alizidisha mzigo," alisema Hocking, meneja wa karakana. "Pini haipindi hivihivi."

"Injini hii hakuwahi kuiinua?"

"Mara nyingi tu. Labda safari hii aliifungia na kitu kingine."

"Kitu gani? Mimi naona injini peke yake."



Wiki ile maabara iliyopelekewa pini ikajibu. Pini za kreni ile zilitakiwa kuwa za Korvan, chuma chenye jina la biashara na muuzaji mmoja tu. Korvan ilikuwa imekwisha stoo. Mkereza vyuma, Bruno Zanetti, alitafuta kwenye majedwali chuma cha kawaida kinacholingana nayo, akakipata, akachonga pini mpya. Maabara ilipima kaboni, nikeli na kromi. Vyote vililingana.

"Chuma ni kilekile," Hocking alisema kwenye simu. "Kosa ni la Neville. Ripoti yangu itasema hivyo."

Pascoe alikwenda kumwona mjane. Joto lilikuwa linachoma hata kivulini. Juu ya paa mtu alikuwa anagonga.

"Bruno huyo," alisema Glenys. "Ananitengenezea kipoza hewa. Juzi katengeneza geti. Jana kaleta lasanya sinia zima. Nikimkaribisha ndani anywe chai, hataki."

"Walikuwa marafiki sana?"

"Sana? Mimi nilikuwa mke mdogo pale." Alicheka kidogo, kisha uso ukamporomoka. "Afande, wanataka kusema Nev kajiua kwa uzembe. Mtu aliyekuwa anapima hata sukari ya chai. Watoto wangu wakue na hilo?"

Pascoe alitazama paa. Anayekuja kufariji hukaa akazungumza. Huyu wa juu alikuwa akifanya kazi kama mfungwa.

Alirudi karakana, akaokota pini ya zamani ya Korvan kwenye chuma chakavu, akaazima tupa. Kwenye pini ya zamani tupa iliteleza, ikaacha mkwaruzo mwembamba. Kwenye ile iliyoua, tupa ilikula chuma, na vumbi likamwagika sakafuni.

Akaagiza Bruno aletwe kituoni.

"Bruno, Korvan inakerezwaje?"

"Kwa taabu, afande. Inapiga kelele. Inamaliza visu."

"Kwa nini?"

"Inatoka kiwandani imeshakazwa. Imeshachomwa motoni, ikazamishwa kwenye mafuta."

"Na hiki chuma chako cha jedwali?"

"Jedwali linasema vinalingana."

"Sikuulizi jedwali. Nauliza mikono yako ilisikia nini."

Bruno aliitazama mikono yake.

"Kilikatika kama sabuni."

"Ukajua."

"Nikajua. Viungo ni vilevile, ila hiki kilikuja laini. Ilibidi nikikaze mwenyewe kwenye tanuri. Kazi ya siku nzima."

"Mbona hukukikaza?"

"Ilikuwa Ijumaa. Kreni isingetengemaa, Nev angebakishwa kazini Jumamosi. Na tulishapanga kwenda porini kutafuta dhahabu. Akaja akanipiga bega, akasema, 'We mzee, hiyo pini unaichonga au unaiposa?' Nikamwambia tayari. Nilisema Jumatatu nitaitoa niikaze. Jumatatu nikaona kreni inainua vizuri. Nikanyamaza. Kila asubuhi nikaiangalia, nikanyamaza."

"Na Hocking alipomchafua rafiki yako?"

"Nikanyamaza vilevile. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na chembe ya dhahabu, ndogo kama punje ya mchele.

"Ndiyo tuliyopata Jumamosi ile. Nev alisema tusiigawe, eti ndogo mno, tungoje ipate mwenzake." Akaisukuma mezani. "Afande, niache nikamwambie Glenys mwenyewe. Kisha nifunge."

Pascoe alimpeleka. Bruno alisimama nje ya mlango, akasema yote bila kujitetea, akaiweka dhahabu kwenye ukingo wa baraza.

Glenys hakuigusa.

"Kwa hiyo Nev hakuzidisha mzigo."

"Hapana, shemeji. Hata kilo moja."

"Utalisema hilo mahakamani?"

"Nitalisema."

Glenys aliitikia kwa kichwa. Nyuma yake kipoza hewa kilikuwa kinavuma, kinapuliza ubaridi mzuri hadi mlangoni walipokuwa wamesimama. Aligeuka, akaingia ndani, akakizima. Nyumba ikawa kimya. Aliporudi mlangoni jasho lilishaanza kumtoka kwenye paji la uso, wala hakulifuta.

"Sasa unaweza kwenda, Bruno."